Toba haina jinsia, mbona tiba inayo?

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa njema zote ni zake Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola Mlezi wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahali zake, sahaba zake na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Amma baad.

Ndugu Waislamu, kwa miaka mingi khutba, mihadhara na makala za Ijumaa zimekuwa zikizungumzia balaa la dawa za kulevya. Tangu heroini ilipoanza kuenea katika miji ya mwambao katika miaka ya 1980, kuanzia Lamu, Malindi na Mombasa hadi Unguja na Dar es Salaam, ni familia chache zinazoweza kusema kwamba unga haujagonga mlango wao au wa jirani yao. Lakini ukisikiliza vizuri maneno yetu utagundua jambo moja. Tunaposema vijana wetu wanaangamia, tunamkusudia kijana wa kiume: yule aliyejiinamia barazani, yule aliyeiba sufuria ya mama yake akaiuza, yule aliyefungwa. Binti hatumtaji. Ni kana kwamba kutomtaja kutamfanya asiwepo.

Leo, inshaallah, tumtaje. Tuulize mwanamke wa Kiislamu aliyenasa katika dawa za kulevya anapata nini kutoka kwa familia yake, msikiti wake na serikali yake, na je, anachokipata ndicho alichofundisha Mtume (S.A.W.)?

Kwanza tuweke msingi, asije mtu akatudhania vingine. Kilevi ni haramu, kiwe cha kunywa, cha kuvuta au cha kujidunga. Mwenyezi Mungu ametukataza katika Suratul Baqara, aya ya 195, tusijitie wenyewe katika maangamizi, na katika Suratul Maida, aya ya 90, ameutaja ulevi kuwa ni uchafu na kazi ya shetani. Anayeuza unga anauza mauti ya watoto wa watu, na dola inapomkamata kwa haki inatimiza wajibu wake. Katika hili hakuna ubishi. Ubishi uko katika namna tunavyomtendea aliyekwisha kunasa, na hasa tunavyompima mwanamume kwa kibaba kimoja na mwanamke kwa kibaba kingine.

Tazama nyumba yenye watoto wawili walioingia katika unga, kaka na dada. Kaka akijulikana, ukoo hukusanyika. Wajomba na ami huchanga fedha, hutafutiwa nyumba ya upataji nafuu, hupelekwa kwa sheikh akasomewa, na akirudia kosa huombewa na kupelekwa tena. Akipata nafuu, mama yake humtafutia mchumba akitumaini kuwa ndoa itamtuliza. Dada akijulikana, mlango hufungwa. Ama hufungiwa ndani ili majirani wasijue, ama hutolewa nje ili majirani waone kuwa familia haihusiki naye. Kama ameolewa huandikiwa talaka na kunyang'anywa watoto, hata pale ambapo ni mume huyohuyo aliyeuleta unga chumbani na kumwonjesha. Na akipata nafuu, nani atamposa?

Wapo watakaosema kuwa huku ni kulinda heshima na kuhifadhi stara. Stara ni jambo tukufu. Mtume (S.A.W.) ametufundisha, katika hadithi iliyopokewa na Muslim, kwamba anayemsitiri Muislamu mwenzake naye Mwenyezi Mungu humsitiri duniani na akhera. Lakini tuelewe maana ya stara. Kumsitiri mtu ni kutoitangaza aibu yake huku ukimsaidia kutoka ndani yake. Kumficha mgonjwa mpaka akafa si stara. Binti aliyefukuzwa nyumbani usiku hana alikositiriwa, bali amekabidhiwa kwa kila mwenye fedha na nia mbaya. Tukishamsukuma kwenye njia ya kuuza mwili wake ili apate kete ya siku hiyo, tunasema, mnaona, huyu ni malaya. Je, heshima gani tumeilinda?

Matokeo ya mlango huo uliofungwa yamekwisha kuonekana. Mwaka 2005 watafiti waliofanya kazi miongoni mwa watumiaji wa heroini wa Dar es Salaam waliripoti jambo la kusikitisha mno. Baadhi ya wanawake waliokuwa wakijidunga, wengi wao wakiishi kwa kuuza miili, walikuwa wakivuta damu yao ndani ya bomba la sindano mara baada ya kujidunga, kisha wakampa mwenzao asiye na fedha ajidunge damu hiyo, wakiamini kuwa ina unga wa kutosha kumtuliza maumivu ya kuukosa, yale ambayo watumiaji huyaita arosto. Hakuna njia fupi kuliko hiyo ya kupitisha virusi vya UKIMWI na homa ya ini kutoka mwili mmoja hadi mwingine. Na tafiti za jijini humo katika miaka ile ziliona kuwa maambukizi ya virusi vya UKIMWI kati ya wanawake wanaojidunga yalikuwa makubwa kuliko kati ya wanaume wanaojidunga.

Ndugu msomaji, litafakari jambo hili. Wanawake wale walikuwa wakihurumiana. Aliyepata alimwonea huruma aliyekosa, akampa alichokuwa nacho, na alichokuwa nacho kilikuwa ni damu yenye sumu. Huruma iliyo salama ilikuwa imebaki kwetu, nasi tuliizuia.

Sasa tuangalie upande wa sera. Bodi ya Kimataifa ya Kudhibiti Dawa za Kulevya, katika ripoti yake ya mwaka 2016, ilieleza kuwa kati ya watumiaji watatu wa dawa za kulevya duniani mmoja ni mwanamke, lakini kati ya watu watano walioko kwenye tiba mwanamke ni mmoja tu. Na ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2018 kuhusu dawa za kulevya ilionyesha kuwa, katika nchi zilizotoa takwimu, wanawake 35 kati ya kila wafungwa wanawake 100 walikuwa gerezani kwa makosa ya dawa za kulevya, ilhali kwa wanaume walikuwa 19 kati ya 100. Kwa maneno mengine, mwanamke hafiki hospitali, lakini gerezani anafika. Na mara nyingi anayefungwa ni yule aliyebebeshwa mzigo na mpenzi au tajiri, akalipwa kidogo na kukamatwa mwanzo, huku mwenye mali akiwa hajulikani hata jina.

Hapa kwetu hatuwezi kusema kuwa hakuna lililofanyika. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni mwezi Februari mwaka 2011, na huduma hiyo ikafuatia katika hospitali nyingine za Dar es Salaam. Zanzibar ilianza mwaka 2015 katika hospitali ya Kidongo Chekundu. Nchini Kenya huduma ilianza Nairobi mwishoni mwa mwaka 2014, na Malindi ikafuata mwaka 2015. Unguja ina nyumba za upataji nafuu, ambazo watu wamezizoea kwa jina la soba, na Mombasa jumuiya ya Kiislamu ya MEWA iliingia katika kazi hii wakati wengi wetu tulikuwa bado tunaona haya kuitaja. Mwenyezi Mungu awalipe kheri wote waliojitolea.

Lakini tangu siku za mwanzo wanawake waliojitokeza katika kliniki hizi walikuwa wachache mno ukilinganisha na wanaume, na nyumba nyingi za upataji nafuu ni za wanaume. Na hapa ndipo panapoingia hesabu ya ajabu. Kwa kuwa wanawake hawaonekani kliniki, husemwa kuwa wanawake watumiaji ni wachache. Kwa kuwa ni wachache, hakuna haja ya kuwatengea jengo, wauguzi wala fungu la fedha. Na kwa kuwa hawakutengewa kitu, hawaji. Hesabu hiyo inazunguka kama ng'ombe wa kinu cha mafuta, na kila mzunguko binti mwingine anazikwa.

Kwa nini haji? Methadoni ni dawa ya kunywa ambayo hutuliza arosto na kumwezesha mgonjwa kuishi bila kuhangaikia unga. Kwa kawaida mgonjwa hutakiwa kufika kliniki kila siku na kuinywa mbele ya mhudumu, na tiba huendelea kwa miezi na mara nyingi kwa miaka. Kwa mwanamume asiye na mtoto mgongoni, hilo ni gumu lakini linawezekana. Mwanamke anahitaji nauli ya kila siku, mtu wa kumwachia watoto na ruhusa ya mume au wazazi. Kisha afike getini apange foleni katikati ya makumi ya wanaume, baadhi yao wakiwa ndio waliomuuzia unga, waliomnunua au waliompiga. Kila mpita njia anamuona na kumtambua. Siku ya pili haji.

Waislamu tujiulize kwa uaminifu. Sisi ndio tunaotenga safu za wanawake na za wanaume misikitini. Tunatenga kumbi za harusi. Tunadai shule za wasichana, na tunadai mwanamke aoshwe na wanawake wenzake siku ya kufa kwake. Vipi basi tunatenganisha kila kitu isipokuwa dawa? Kudai kliniki yenye mlango, saa au siku ya wanawake, yenye wauguzi wanawake na mahali pa kumlaza mtoto, si jambo la kuigwa kutoka kwa wageni. Ni adabu yetu wenyewe, nasi tulipaswa kuwa wa kwanza kuidai.

Na historia inatusuta. Mwaka 1284 Sultani Qalawun alijenga mjini Cairo hospitali kubwa iliyojulikana kwa jina lake la Mansuri. Iliendeshwa kwa mali ya wakfu, ikawapokea matajiri na mafukara, na ilikuwa na sehemu ya wanaume na sehemu ya wanawake, kila moja na wahudumu wake. Zaidi ya miaka 700 iliyopita wazee wetu katika dini walijua kuwa mwanamke mgonjwa anahitaji mahali pake. Ni sisi tuliosahau.

Hata leo zipo nchi za Waislamu ambako njia imekwisha kufunguliwa. Nchini Malaysia, Chuo Kikuu cha Malaya kilishirikiana na msikiti wa Ar-Rahman jijini Kuala Lumpur ili methadoni itolewe msikitini pamoja na nasaha za dini. Jijini Tehran, katika miaka ya 2000, kilifunguliwa kituo cha wanawake peke yao kiitwacho Khaneh Khorshid, yaani Nyumba ya Jua, kikiwapa watumiaji chakula, matibabu na mahali pa kupumzika bila kuonwa na wanaume. Nchi hizo hazikuhalalisha unga. Zimejulikana kwa ukali wa sheria zake dhidi ya wauzaji. Ziliona tu kuwa kumtibu mgonjwa na kumwadhibu muuzaji ni mambo mawili, na moja halibatilishi jingine.

Wapo wanaohofia kuwa upole utawatia watu moyo wa kuasi. Hofu hiyo tuipime kwa Sunna. Bukhari amepokea habari ya mtu aliyekuwa akiletwa mara kwa mara mbele ya Mtume (S.A.W.) kwa kosa la kunywa pombe. Aliadhibiwa, lakini mmoja wa waliokuwepo alipomlaani, Mtume alimkataza, akasema kuwa mtu huyo anampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Pombe ilibaki haramu, na mlevi akabaki ndugu.

Huyo alikuwa mwanamume. Na mwanamke je? Muslim amepokea kisa cha mwanamke wa kabila la Ghamid aliyekuja mwenyewe kukiri kosa zito kuliko la ulevi, akiwa mjamzito. Mtume (S.A.W.) alimrudisha mpaka ajifungue, kisha akamrudisha tena mpaka amwachishe mtoto ziwa. Na Khalid bin Walid (R.A.) alipomtolea maneno makali, Mtume alimkanya, akaeleza ukubwa wa toba ya mwanamke yule, na akaswaliwa. Angalieni hekima iliyomo. Katika kosa kubwa kama lile, hukumu ilizingatia mimba na ikazingatia kunyonyesha, na ulimi wa sahaba mkubwa ukazuiwa usimvunjie heshima mwanamke aliyetubia. Leo sisi, kwa kosa dogo kuliko lile, mjamzito tunamfukuza na ndimi zetu hazina wa kuzizuia.

Juu ya mjamzito, familia zijue jambo ambalo laweza kuokoa roho mbili. Wazazi wengine wakigundua kuwa binti yao mwenye mimba anatumia heroini humfungia chumbani akate ghafla, wakidhani wanamwokoa mtoto. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2014, limeshauri kuwa mjamzito aliyezoea heroini apewe methadoni au dawa ya aina yake chini ya uangalizi wa daktari, badala ya kuachishwa kwa ghafla. Mtoto akizaliwa na dalili za arosto, dalili hizo hutibika. Kwa hiyo anayemfungia hamlindi mjukuu wake. Mahali pa binti huyo ni kliniki ya wajawazito, na mahali pa mama yake ni pembeni yake akimshika mkono.

Na kama kuna asemaye kuwa kosa la mwanamke ni zito zaidi kwa sababu yeye ndiye nguzo ya nyumba, basi tumjibu kwa hoja yake mwenyewe. Nguzo ikiliwa na mchwa, mwenye busara huanza na nguzo kabla ya kupaka rangi ukuta. Qur'ani haikuweka mizani mbili. Suratul Ahzab, aya ya 35, inawataja wanaume na wanawake bega kwa bega katika imani, utiifu, ukweli na subira, na kuwaahidi wote msamaha mmoja na ujira mmoja. Na katika Suratun Nur, amri ya kuinamisha macho ilianza kwa wanaume katika aya ya 30, kisha wanawake katika aya ya 31. Sisi tumeipindua: kosa tunaanza na mwanamke, msamaha tunaanza na mwanamume.

Basi nini kifanyike? Wazazi wampe binti kile walichompa kaka yake: mchango uleule, dua ileile, na nafasi ya pili na ya tatu. Waume wakumbuke kuwa wataulizwa juu ya walichokichunga, na aliyemfundisha mkewe unga hawezi kujitakasa kwa karatasi ya talaka. Maimamu wautaje mlango wa toba kwa wanawake waziwazi juu ya minbari, na wake zao na walimu wa madrasa za akina mama wawe masikio ya siri kwa dada asiye na wa kumwambia. Matajiri wetu, wanaoshindana kujenga minara, waweke wakfu japo nyumba moja katika kila mji kwa ajili ya tiba ya wanawake na watoto wao. Na fakiri aliye mgonjwa asiye na nauli ya kliniki anastahiki zaka kama fakiri mwingine yeyote.

Kwa serikali zetu, ombi ni la haki. Kanuni za Bangkok, zilizopitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwezi Desemba mwaka 2010, zinataka wafungwa wanawake wenye uraibu wapatiwe tiba inayozingatia mimba, watoto na mateso waliyopitia, na zinataka huduma za tiba kwa ajili ya wanawake pekee zipanuliwe katika jamii ili wasifikie gerezani. Basi kliniki za methadoni ziwe na saa za wanawake. Ziunganishwe na kliniki za wajawazito, ambako mwanamke anaweza kuingia bila mtu kujua kilichompeleka. Polisi anayemdai mwanamke mwili wake ili asimkamate ahesabiwe mhalifu, kwa kuwa ndivyo alivyo. Na mahakimu wamtofautishe mgonjwa na mfanyabiashara.

Ndugu Waislamu, baada ya swala ya leo tutarudi majumbani. Katika baadhi ya nyumba hizo kuna chumba kilichofungwa, au jina la binti lisilotajwa tena mezani. Aliyefukuzwa na atafutwe, na aliyefungiwa na apelekwe kwa daktari. Mola wetu hakumfungia mlango, nasi hatuna mamlaka ya kuufunga.

Ewe Mola, waponye wagonjwa wetu, waume kwa wake, wasitiri kwa stara Yako njema, na utujaalie tuwe sababu ya kurejea kwao, wala usitujaalie kuwa sababu ya kuangamia kwao. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.